Kutembea kwa hasira

Jumanne jioni nimerudi zangu nimelowa jasho, nimeinama mlangoni nafungua kamba za viatu, kitindamimba akaniuliza, "Mama, umegombana na nani?"

"Sijagombana na mtu. Nilikuwa nakimbia."

Akaniangalia. "Hukimbii, Mama. Nimekuona dirishani. Unatembea kwa hasira."

Basi. Akarudi kwenye michoro yake.

Leo Jumapili na maneno hayo bado yananizunguka kichwani. Wiki hii bosi mpya kaanza kazi, dada kajifungua salama (wa kike, hatimaye!) na mkubwa wangu kamaliza mitihani, lakini nikilaza kichwa tu nasikia "unatembea kwa hasira". Na majibu mazuri yote yalinijia saa tano usiku, mwenyewe keshalala. Ningemwambia kukimbia polepole nako ni kukimbia. Ningemwuliza mbona baiskeli yake ina utando wa buibui.

Mlio nami tangu mwanzo mnajua nilivyoanza: zile ngazi za ofisini, ghorofa tatu tu, nikafika juu nashindwa hata kuitikia salamu. Nikaweka programu kwenye simu, hatua 10,000 kila siku, zikipungua simu inatetemeka kunisuta. Nimewahi kuzunguka meza ya sebuleni usiku wa manane nikitafuta hatua 600 zilizobaki, Baba Watoto ananitazama kwa huruma. Halafu nikaja kusoma kwamba namba hiyo haikutoka kwa daktari. Ilitoka Japani mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Tokyo, kwenye jina la kifaa cha kuhesabu hatua: manpo-kei, yaani kipima hatua 10,000. Jina la bidhaa! Nami nalizungukia meza.

Lakini kilichoniuma si utani wake. Ni kwamba mtoto kaona. Sijawahi kukimbia kwa raha hata siku moja. Nilikuwa nakimbia kama mtu anayelipa deni. Meno nimeyauma, mabega yamepanda hadi masikioni, jicho kwenye saa, nahesabu dakika zilizobaki niachiliwe. Siku ya 23 mvua iliponizuia, nilinuna nikataka kuanza kuhesabu upya kutoka moja.

Ijumaa nikaiacha simu nyumbani. Nikamwambia, "Twende," naye akatoa baiskeli (utando kaufuta kwa soksi yangu, ila tuliache hilo). Nikapunguza mwendo mpaka nikaweza kupiga naye soga. Kumbe hicho ni kipimo hata kwa wataalamu: ukiweza kuongea lakini kuimba kukakushinda, mwendo wako ni wa wastani. Na Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima afikishe angalau dakika 150 za mwendo huohuo kwa wiki. Halijasema popote uume meno.

Nilipomweleza, akanipima palepale. "Imba, Mama."

Nikaanza, sauti ikakatika kwenye neno la pili. Alicheka mpaka baiskeli ikayumba, mguu mmoja ukabidi ukanyage chini. Kuna kona ambayo nikiifikia lazima niangalie saa. Siku hiyo nilikuja kuikumbuka tumeshaiacha mbali nyuma.

Mlangoni nikamwuliza, "Haya, na leo je? Nimetembea kwa hasira?"

Akafikiri, uso wa hakimu kabisa. "Leo umekimbia. Ila polepole sana."

Nimeipokea hukumu.

Jana sikutoka kabisa, wala sikurudi kwenye siku ya kwanza. Kuna utafiti wa London uliochapishwa mwaka 2009: watu waliofuatiliwa walichukua wastani wa siku 66 tabia mpya kuzoeleka, wengine kidogo tu, wengine miezi na miezi, na kuruka siku moja hakukuwaharibia kitu. Leo ni siku yangu ya 41. Au ya 40, sijui kama jana inahesabika, na cha ajabu sijali sana. Viatu viko kando ya kitanda, soksi (safi) ndani yake.

Mama kapiga simu mara mbili leo. Mara zote mbili kaniuliza mtoto wa dada ni wa kike au wa kiume. Ile ya pili nilikaa kimya kidogo kabla ya kumjibu. Dada bado sijamwambia.