Madonge Matano ya Damu ya Mzee

Jumapili usiku. Mvua imenyesha hapa Nakuru tangu saa nane mchana, na stima imepotea mara mbili. Ilipopotea mara ya pili sikuinuka hata kutafuta mshumaa, kwa sababu sindano ya kushoto ilikuwa imebeba vitanzi themanini na vinne na sikutaka kimoja kiponyoke. Nikaendelea kufuma gizani huku kijana wangu akilalamika kwamba simu yake ina asilimia nne.

Ninachofuma ni sweta isiyo na mikono ya mama mkwe wangu. Anaishi Molo, na baridi ya Molo mwezi wa saba haina mchezo. Uzi ni damu ya mzee, na mtu akiutazama vizuri kwenye mwanga ataona una mawimbi kidogo, kama nywele zilizotoka kwenye rasta asubuhi hiyo. Uzi huu umewahi kuwa sweta nyingine.

Januari kijana aliingia Gredi ya 7. Barua ya shule ilisema sweta inauzwa duka moja tu, shilingi 1,500. Nikaisoma mara mbili, nikacheka. Mimi, ambaye nimefuma tangu darasa la tano, ninunue sweta? Nikashuka mjini, nikachukua madonge matano ya damu ya mzee kwa shilingi 120 kila moja, na moja dogo la manjano la mistari ya shingoni. Kiunoni na kwenye vifundo vya mikono nilitumia sindano namba 10, kwingine namba 8. Mgeni huchanganyikiwa hapo, kwa sababu kwa hesabu hii ya zamani tuliyoachiwa na Waingereza, namba ikipanda sindano inazidi kuwa nyembamba. Namba 8 ni milimita 4, namba 10 ni milimita 3.25. Nyembamba hubana, ndiyo maana kiuno cha sweta hurudi mahali pake ukikivuta.

Niliifuma kwenye kibanda changu cha M-Pesa kwa wiki tatu. Kastama akija naweka alama mahali nilipofika, natoa pesa, narudi. Makosa yangu karibu yote hutokea mwisho wa mwezi, watu wakipanga foleni.

Jumatatu kijana aliivaa akaenda. Kabla ya saa nne alikuwa amerudi kibandani, sweta ikiwa imekunjwa ndani ya mkoba. Pale langoni mwalimu wa zamu aliishika, akailinganisha na ya mwanafunzi mwingine, akasema rangi si ile. Mistari ilikuwa sawa, saizi sawa, lakini damu ya mzee yangu eti imekolea zaidi. Shule sitaitaja, na mwalimu yule huenda alikuwa anafuata alichoambiwa. Ila siku hiyo nilihesabu 1,500 kutoka kwenye pesa ya kodi, nikaenda kununua kitu ambacho mshono wake wa kwapani ulifumuka kabla ya likizo ya Aprili. Niliushona mwenyewe. Kwa uzi uliokolea zaidi, makusudi.

Sweta yangu ikakaa juu ya kabati. Nilimwambia kijana aivae nyumbani.

"Mathe, nikiivaa huku mtaani watu watadhani nimefukuzwa shule."

Alikuwa na haki yake.

Kundi letu hukutana Jumapili baada ya kanisa, nyumba kwa nyumba. Ni chama kama vyama vingine, tunachanga na kupeana, lakini kila mtu huja na mfuko wake wa uzi. Mama Chebet hufuma kofia za watoto wachanga. Nyar Alego, ambaye ana jina lakini hakuna anayelitumia, ni mtu wa kroshia: vitambaa vya makochi, vya meza, cha kufunika runinga, cha kufunika kifaa cha kufunika runinga. Mkubwa wetu ni Shosho, anayekaa London. Ninamaanisha London yetu ya hapa, chini ya Menengai, si ile ya Mfalme Charles. Shosho hufuma akitazama habari na hajawahi kutazama chini nikamwona.

Jumapili moja baada ya Pasaka nilienda na ile sweta ili nimuulize kama anamjua mtoto wa kuivaa. Akaigeuza ndani nje, akatafuta shingoni nilipofungia uzi, akakata fundo kwa meno. Kisha akavuta.

Nilihisi kama nimepigwa kofi. Wiki tatu zangu zilikuwa zinakimbia mbele ya macho yangu, safu baada ya safu, zikitoa ule mlio mdogo wa trrr, trrr, na mikononi mwake donge likikua. Nyar Alego aliacha kula.

"Usiniangalie hivyo," Shosho akasema. "Sweta imekataliwa. Uzi umekataliwa na nani?"

Kufumua nilikuwa nimekufanya maisha yangu yote, lakini kwa hasira tu: umekosea, unarudi safu sita, unalaani. Sikuwahi kukaa chini na kufumua kama kazi. Na ina ufundi wake. Sweta hufumuka kutoka pale ilipomalizikia. Ukianzia pale ilipoanzia, uzi hujinyonga kwenye kila kitanzi na utalala na njaa. Ukifika mahali palipogoma, usivute. Rudi nyuma kidogo, legeza, kama unavyofumua rasta za mtoto anayelia. Ukimaliza, zungusha uzi kwenye miguu ya stuli iliyopinduliwa, ufunge kwa vipande vya uzi mwingine mahali panne ili usichanganyike, uoshe kwa maji ya vuguvugu, kisha uutundike na kitu chepesi chini yake. Mimi hutundika kikombe cha plastiki chenye maji nusu. Akriliki hainyooki kabisa kama sufu, na usithubutu kuipiga pasi. Joto huilaza ikawa teketeke, na haiamki tena.

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu mwingine kwenye mitumba. Zamani nilitafuta sweta nzuri. Sasa natafuta sweta mbaya yenye uzi mzuri: yenye doa, kiwiko kilichotoboka, rangi ambayo hakuna mtu mwenye akili timamu angeivaa. Nazigeuza ndani nje kwanza. Ikiwa ubavuni imekatwa na kupitishwa ovaloki, ile mashine ya kushona kingo zisifumuke, nairudisha, kwa maana hiyo ilikatwa kutoka kwenye kitambaa kikubwa kama nguo nyingine yoyote, na kila safu ni kipande kimoja kifupi cha uzi. Utafumua upate nyuzi mia tatu za urefu wa mkono. Ninayoitaka ni ile ambayo mbele, nyuma na mikono vilifumwa vikiwa na umbo lake tayari, kisha vikaunganishwa. Hiyo, ukipata uzi wa kuunganishia, inaachana yenyewe na uzi unatiririka kuanzia shingoni hadi kiunoni bila kukatika. Muuzaji wangu amenizoea. Haniulizi tena saizi.

Kama lebo imekatwa, nachomoa uzi kidogo na kuuwasha kwa kiberiti nikifika nyumbani. Sufu hunuka nywele zilizoungua, huzimika upesi, na majivu yake husagika vidoleni. Akriliki huyeyuka na kuacha kijipu kigumu cheusi. Karibu uzi wote wa madukani huku kwetu ni akriliki, ambayo kiini chake ni mafuta ya petroli. Nikienda Molo napita kondoo kando ya barabara, wengine na manyoya mazito ya kuonea wivu, halafu nafika kwa mama mkwe nikiwa nimebeba petroli iliyosokotwa. Lord Delamere, yule mlowezi Mwingereza, alihangaika kufuga Merino, kondoo wa sufu, kule Njoro mwanzoni mwa karne iliyopita, kondoo wakamfia kwa wingi. Siku hizi Molo watu humkumbuka kondoo akiwa kwenye sahani.

Sufu yangu ya kwanza niliiharibu. Ilikuwa sweta ya kijani, sufu tupu, lebo ikisema imetengenezwa Scotland, shilingi 100. Niliona ina vumbi, nikaimwagia maji ya birika na kuisugua kama soksi za shule. Unywele wa kondoo una magamba madogo madogo. Ukiyapa maji moto na kuyasugua yanashikana na hayaachani. Ilitoka kwenye beseni ikiwa saizi ya mwanasesere, ngumu kama zulia. Sasa nashikia sufuria ya ugali. Mama Chebet akija kwangu huiomba makusudi: "Niletee ile sweta ya Scotland nitoe chai."

Sitasahau blanketi dogo la mtoto nililolipata Mei, kwa shilingi 80, chini kabisa ya rundo. Lilikuwa la kroshia, maua meupe na ya bluu. Niliporudi nalo kwenye kundi, Nyar Alego alilishika muda mrefu. Ndiye aliyenifunza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria: sweta hufumwa kwa mashine, lakini kroshia halisi viwanda havitoi kwa mashine, ni kazi ya mkono. Kwa hiyo kila kroshia unayoikuta kwenye mitumba, hata iwe imechakaa vipi, kuna mtu aliyeketi mahali na kulabu moja akaishona ua kwa ua. Kwenye kona moja, huyo wa blanketi alikosea hesabu. Ua lilipaswa kuwa na petali sita, likawa na saba, na ile ya saba imebanwa kama abiria wa nne kwenye kiti cha matatu.

Tulibishana. Nyar Alego alisema lisiguswe. Mama Chebet alisema ni sufu safi na mjukuu wa jirani anazaliwa mwezi ujao. Shosho hakusema kitu, alikuwa anatazama habari.

Nililifumua. Kroshia haina ubishi, kitanzi hai ni kimoja tu, ukikipata unavuta ua zima linaondoka. Nilianza na kona ile yenye petali saba, kwa sababu nilijua nikiiacha hadi mwisho nitashindwa. Zilitoka kofia mbili na soksi jozi tatu. Nyar Alego hakunisemesha hadi Jumapili iliyofuata, kisha akaniomba uzi mweupe uliobaki.

Baba yangu angelicheka haya yote. Darasa la tano, 1991, mwalimu wa sayansi kimu alitutaka tuje na sindano za kufumia, na nyumbani hapakuwa na pesa ya sindano. Kila mtoto alijua dawa: spoki za baiskeli, unazinoa ncha kwenye simiti. Mimi nilichomoa mbili kwenye gurudumu la nyuma la baiskeli ya baba. Gurudumu likaanza kuyumba, na yeye akampelekea fundi mara mbili bila kuelewa. Alikuja kujua siku niliyomletea soksi za mtoto, za kwanza kabisa, moja ndefu kuliko mwenzake. Akaziangalia sindano, akaangalia baiskeli, akaniuliza kama nimebakisha za kutosha afike Subukia.

Stima imerudi sasa. Nimehesabu: vitanzi ni themanini na vitatu. Kimoja kimeponyoka huko gizani, safu tano chini, na kimeacha ngazi ndogo inayopanda katikati ya kifua cha mama mkwe. Nitakipandisha kwa kulabu ya kroshia, ngazi kwa ngazi, nikimaliza kuandika hapa.

Amepiga simu jioni kuuliza kama inaweza kuwekwa mfuko wa simu, kwa ndani, watu wasiuone. Nimemwambia inawezekana. Mfuko nitaufuma kwa ile manjano ya shingoni, imebaki kidogo, kiasi cha kujaa kiganja.