Nundu za mawe kule Segesta

Basi kutoka Palermo lilitushusha saa nne kasoro asubuhi, jua la Sisilia likiwa limeshachachamaa. Kabla sijaliona hekalu la kale la Segesta niliona mkonge. Si ule wa Tanga niliokulia, ila ni jamii yake, majani mapana yenye miiba yamejipanga kandokando ya njia ya kupanda. Moyo ukatulia. Njia ikakata kona, na hekalu likawa mbele yangu: nguzo 36, 6 usoni na 14 ubavuni, kila moja zaidi ya mita 9, hazina paa, nyuma yake korongo.

Baba yangu ni fundi mwashi, sasa amestaafu. Kwa hiyo watu walipokuwa wakitazama juu, mimi niliinama kwenye ngazi za msingi, na hapo nikakwama. Ubavuni mwa mawe kuna nundu, kubwa kama ngumi, zimetokeza nje. Mafundi walizifungia kamba walipokuwa wakinyanyua jiwe na kuliweka mahali pake. Kazi ikikamilika nundu huchongwa, jiwe likabaki sawasawa. Hizi hazikuchongwa. Zimeota kuvu la rangi ya chungwa, na alama za patasi bado zinaonekana ukichuchumaa.

Nguzo nazo ni hivyo hivyo. Mifereji ya wima ya mtindo wa Doriki, mtindo wa nguzo wa Kigiriki, huchongwa mwishoni, na hapa hakuna hata mmoja. Ndani hakuna chumba cha mungu.

Tena wenye mji hawakuwa Wagiriki. Walikuwa Waelimi, watu wa kale wa magharibi mwa Sisilia, waliojenga kwa mtindo wa Kigiriki mwishoni mwa karne ya 5 KK huku wakigombana na Selinunte, mji wa Kigiriki kusini yao. Wakaomba msaada wa Athens. Thucydides, mwanahistoria wa Kigiriki wa zama hizo, anasimulia kwamba wajumbe wa Athens walipokuja kuona kama Segesta ina fedha za kugharimia vita, walikirimiwa nyumba hadi nyumba kwa vikombe vile vile vya dhahabu na fedha, vingine vimeazimwa miji ya jirani. Wakaamini. Mwaka 415 KK meli za Athens zikaja, na miaka miwili baadaye jeshi lile likaangamia Syracuse, mji wa Kigiriki mashariki mwa Sisilia.

Nilimpigia baba picha ya nundu, nikamtumia. Jibu lilikuja nikiwa nimeshafika getini.

“Mwanangu, kamba ilipita juu ya hiyo nundu au chini yake? Tazama jiwe limelika wapi.”

Nikarudi kupanda.