Siku moja maishani mwangu: chili ya Cincinnati ndani ya chungu cha umeme

Saa 10:40 alfajiri

Naamka kabla simu haijalia. Ni Januari, theluji imegandia kwenye vioo vya magari, na jengo zima bado limelala. Mdogo wangu amelala sebuleni na makoti mawili juu ya blanketi. Ana wiki mbili tu tangu atoke Tanga. Leo jioni atakula chakula cha mji huu wa Cincinnati, Marekani, kwa mara ya kwanza: chili, mchuzi wa nyama ya kusaga unaomwagiwa juu ya spageti. Nimeazimia asionjeshwe cha kopo.

Kazi yenyewe niliianza jana usiku. Nilichukua ratili mbili za nyama ya ng'ombe ya kusaga, kama gramu 900, nikaitia mbichi kwenye maji baridi na kuivuruga kwa vidole mpaka yale maji yakafanana na uji mwepesi. Ndipo nikawasha moto. Hapo ndipo chili ya Cincinnati inapoachana na za kwingine: nyama haikaangwi. Mwaka wangu wa kwanza hapa niliikaanga na vitunguu kama nyama ya sambusa. Ilikuwa tamu, lakini ilikuwa na mabonge, na kila mtu wa hapa aliyeionja alijua papo hapo kuwa siyo. Ikianzia kwenye maji baridi inachambuka punje punje na kubaki laini. Niliichemsha nusu saa, nikaigawa kwenye vyombo vipana ipoe upesi, nikaiweka kwenye friji.

Saa 11 alfajiri

Mafuta yameganda juu, utando mweupe. Nautoa wote kwa kijiko. Asiyelaza nyama usiku mmoja atayala mafuta hayo, maana chungu cha umeme, hiki kinachopika polepole kutwa nzima, hakiyapunguzi.

Sasa viungo. Vitunguu maji viwili nimevikuna badala ya kuvikata, ili vipotelee kwenye mchuzi. Punje nne za kitunguu saumu. Kikopo kidogo cha nyanya nzito. Vijiko viwili vya mezani vya unga wa pilipili unaouzwa huku, ambao umekwisha kuchanganywa na bizari na kitunguu saumu na hauwashi sana. Halafu mdalasini wa unga kijiko kimoja cha chai, bizari nyembamba kijiko kimoja, karafuu robo kijiko, na kijiko cha olspaisi, zile punje za Jamaika zinazonukia kama karafuu na mdalasini vimetwangwa pamoja. Mwisho kijiko cha mezani cha kakao isiyo na sukari.

Ukiinamia sufuria hiyo unasikia harufu ya jikoni kwetu siku ya Idi. Nilipoionja mara ya kwanza, kwenye mgahawa mmoja mjini, niliweka uma chini nikakaa kimya. Nilikuwa nimekuja Marekani nikidhani mdalasini huku ni wa keki tu.

Napasha kila kitu kwenye jiko la kawaida mpaka kichemke, ndipo namimina kwenye chungu. Usiruke hatua hii. Chungu kinapata moto polepole mno, na nyama iliyotoka kwenye friji ikikaa muda mrefu katika uvuguvugu, vijidudu hushangilia. Maji yawe pungufu: vikombe vitatu, pamoja na yaliyochemshia nyama. Mfuniko hauachii mvuke, kwa hiyo maji unayotia asubuhi ndiyo utakayoyakuta jioni.

Natega moto wa chini, saa 8, kisha kijigeuze chenyewe kwenye kuhifadhi joto. Naswali, naondoka.

Saa 1:30 asubuhi

Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Asubuhi ni kuogesha, kuvisha, kulisha, kuandika. Sina mengi ya kusema kuhusu saa hizi, zinapita mikono ikiwa na shughuli.

Isipokuwa mzee mmoja, mzaliwa wa mtaa wa Price Hill. Yeye ndiye mwalimu wangu wa chili. Nikamwambia leo nimeacha chungu kinapika. Akaniuliza swali lile lile analoniuliza siku zote: "Hukuikaanga?" Nikamwambia hapana, babu. Akafumba macho kama mtu aliyepokea salamu nzuri. Huwa namwita babu kwa Kiswahili, na amelizoea neno.

Huyu ndiye aliyenisimulia habari za mtaani kwao: Nicholas Lambrinides, mhamiaji Mgiriki, alifungua mgahawa wa Skyline pale Price Hill mwaka 1949, akaupa jina kwa ajili ya mandhari ya majengo ya mjini yaliyoonekana kutoka pale. Lakini chanzo ni cha nyuma zaidi. Mwaka 1922 ndugu wawili wa Kimakedonia, Tom na John Kiradjieff, walianza kuuza mchuzi huu karibu na ukumbi wa maonyesho ulioitwa Empress, na mgahawa wao wakauita jina hilo hilo. Walichukua viungo vya nyama vya kwao, wakavimwaga juu ya spageti. Mwaka 1965 wakaja ndugu wa ukoo wa Daoud, kutoka Jordan, na mgahawa wao wa Gold Star. Kwa hiyo chakula ambacho mji huu unakionea fahari kuliko vyote kimepikwa na wageni tangu siku ya kwanza. Mtu wa Texas akikwambia hii si chili, mkubalie kwamba si ya Texas, uendelee kula. Hii ni mchuzi wa kumwagia, haikuundwa iliwe peke yake kwenye bakuli.

Saa 6 mchana

Mapumziko. Tanga ni saa 2 usiku, nampigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mdogo wako anakula?"

Namwambia leo atakula tambi kwa nyama ya kusaga yenye mdalasini, na jibini juu. Kimya. Kwetu tambi ni za sukari, tui na iliki, za kufuturia. "Mdalasini na karafuu sawa," anasema hatimaye, "hiyo ni pilau imekosa mchele. Jibini ndiyo mtanieleza."

Namweleza pia kile chungu, kwamba kinapika mimi nikiwa kazini. Hashangai. Anasema pilau yake ikishatiwa makaa juu ya mfuniko, naye huiacha akaenda zake. Nikakumbuka kuwa aliyekibuni, Irving Naxon, alisema wazo lilitoka kwa mama yake, aliyemsimulia jinsi Wayahudi wa Lithuania walivyokuwa wakiacha chungu kwenye tanuri la mwokaji tangu Ijumaa mpaka Sabato. Kikaja kuuzwa kwa jina la Crock-Pot mwaka 1971.

Saa 10:15 alasiri

Harufu naikuta ngazini, ghorofa moja kabla ya mlango wangu. Nafungua mfuniko: mchuzi mwekundu wa kahawia, mwepesi, unaotiririka. Ndivyo unavyotakiwa. Natia siki kijiko kimoja sasa hivi, maana ikipikwa kutwa ukali wake unafifia, naonja, naongeza chumvi.

Maharage mekundu nayachemsha pembeni, kwenye sufuria yake, nikiwa nimeyaloweka tangu jana na kuyamwaga maji. Wengi huyatupia makavu kwenye chungu pamoja na nyama. Nawasihi msifanye hivyo. Haya mekundu mabichi yana sumu, na moto wa chini wa chungu hauyachemshi kwa nguvu ya kutosha kuiondoa. Mimi yaliniumiza tumbo usiku kucha. Yatokote kwanza kweli kweli, nusu saa, ndipo yaendelee kuiva.

Saa 12 jioni

Huku mtu huagiza kwa idadi ya vitu anavyotaka kwenye sahani, na kila kimoja huhesabiwa "njia". Njia mbili ni spageti na chili. Ya tatu jibini ya cheddar iliyokunwa nyembamba kama nywele, rundo zima. Ya nne vitunguu vibichi au maharage. Ya tano vyote. Pembeni biskuti ndogo za chumvi na chupa ya pilipili.

Nampakulia mdogo wangu njia tano. Anaitazama. Anakamua ndimu, jambo ambalo hakuna mtu wa Price Hill amewahi kulifanya, kisha anashika kijiko akoroge kama biriani.

"Anko, usikoroge!" Binti yangu ana miaka saba, amezaliwa hapa. Anamshika mkono. "Na usizungushe. Unakata hivi."

Anakata kwa ubavu wa uma, kutoka juu mpaka chini, kama mtu akatavyo keki, kila tabaka likibaki mahali pake. Mdogo wangu anaiga. Anatafuna polepole, anaacha, ananitazama.

"Dada," anasema, "hii ina karafuu."

Na anakata kipande kingine.