Laini ya Mkono, Laini ya Makalio

Mguu wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi kiasi kwamba sikujua kama nimekanyaga sakafu au hewa. Mlango uligongwa, nikanyanyuka kitini mbiombio, na hatua ya pili nikajikuta chini, kifua kwenye zulia, pedi ya gemu ingali mkononi. Mdogo wangu alicheka mpaka akasahau kwenda kufungua. Aliyegonga alichoka kusubiri, akaenda zake.

Kiti chenyewe kilikuwa na miezi minne. Kiti cha gemu hasa: cheusi chenye mistari myekundu, mgongo mrefu, mto wa shingo, mto wa kiuno, na mbavu zilizoinuka pembeni kama za gari la mashindano. Nilikinunua kwa macho, picha ilinimaliza. Wiki ya kwanza niliambiwa kwamba sponji mpya lazima iwe ngumu, nivumilie tu, itazoeana na mwili. Kufika mwezi wa nne, aliyezoea ni mimi. Nilijua kwamba dakika ya arobaini mifupa ya makalio itaanza kuuma, baada ya saa moja na nusu nitaegemea upande, na saa mbili zikitimia mguu utazimika. Nilishajaribu mto wa kitandani, ukawa unateleza. Nikajaribu taulo iliyokunjwa mara nne. Taulo hugeuka ubao upesi kuliko mtu anavyodhani.

Baada ya lile anguko nikasema basi. Sikutaka kununua kiti kingine kwa macho. Nilikipindua, nikafungua boliti za mgongo na za mikono, kisha zile nne za chini, kikalio kikatoka peke yake. Silinda ya gesi, ile inayopandisha na kushusha kiti, sikuigusa. Gesi ile imefungiwa humo kwa mgandamizo mkubwa, na anayetaka kuitoboa aone imekaaje aandike wosia kwanza. Nikakwapua kikalio changu, nikakipeleka kwa fundi wa makochi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Gari lako limebaki wapi?"

Nilimweleza kwamba si kiti cha gari, ni cha kuchezea gemu, na kwamba ninachotaka ni kimoja tu: aniwekee sponji laini kuliko zote alizonazo. Alikipiga kikalio makofi mawili, sikio limeinama, kama mtu anayesikiliza ngoma kabla ya kuikaza.

"Laini ya mkono au laini ya makalio?"

Nikadhani ananitania.

Akaniambia nibonyeze katikati. Nikabonyeza kwa kidole gumba. Pagumu, kama kawaida. Akachukua bisibisi bapa na koleo, akakigeuza, akaanza kung'oa pini za stepla moja moja, upande mmoja, kisha wa pili. Ngozi bandia ikalegea, ikafanya mikunjo. "Bonyeza tena." Sponji ni ileile, hakuna alichoongeza wala kupunguza, lakini safari hii gumba lilizama mpaka kwenye kiungo. Miezi minne nilikuwa nimekalia ngozi iliyovutwa kama turubai, sponji imetulia chini yake bila kazi.

Lakini kilichoniuma zaidi kilikuwa pembeni. Alipomaliza kuvua kifuniko, niliona sponji iliyomwagwa kwenye kalibu, kipande kimoja kizima, na ndani yake fremu ya bomba la chuma. Kwenye zile mbavu, sponji iliyofunika bomba haikuzidi unene wa vidole viwili. Fundi akaligonga kwa bisibisi, likalia. "Mguu wako unaokufa, muuaji ndiye huyu." Nilikuwa nimekaa nusu ya mapaja yangu juu ya chuma.

Mbavu hizo zina sababu yake, ila sababu hiyo haiko chumbani kwangu. Dereva wa mashindano akikata kona kwa kasi, mwili unasukumwa pembeni, na kiti kinambana asihame. Mimi kona ninazokata ziko kwenye skrini. Mchezaji anayekaa saa tatu anahitaji kinyume kabisa: nafasi ya kusogea, kukunja mguu, kubadili mkao. Nilikuwa nimenunua kiti cha kunizuia nisiende popote, nami kweli sikuwa nakwenda popote.

Kisha ukaja mtihani ambao mpaka leo ndio ninaukumbuka zaidi. Fundi aliweka ubao juu ya benchi, akaniletea vipande vitatu vya sponji vya unene uleule. Nikae kwenye kila kimoja, yeye aendelee na kazi zake. Cha kwanza kilikuwa laini kama wingu. Nilipokibonyeza tu nikataka kumwambia akate hiki hiki, tusipoteze muda. Akakataa. "Kaa."

Dakika tano, raha. Ya kumi, kuna kitu kinaniita kwa chini. Fundi akasema, bila hata kugeuka, nipenyeze kiganja kati ya sponji na ubao, chini ya kalio, kinitazame. Nikafanya hivyo, nikiona aibu kidogo mbele ya watu wanaopita. Mfupa wangu ulikuwa juu ya vidole vyangu kabisa. Kati yao kulikuwa na kitu kama kitambaa tu. Wingu lote lilikuwa limelala. Nilichokuwa nakikalia ni ubao.

Cha pili kilikuwa kile cha rangi ya njano iliyofifia, kinachobonyea polepole na kubaki na alama ya mkono kabla ya kurudi. Sponji ya aina hiyo ilizaliwa mwaka 1966 katika utafiti wa viti vya ndege wa NASA, shirika la Marekani la anga za juu, nami nilishaamua moyoni kwamba kitu kilichotokea huko hakiwezi kunishinda. Kilinikumbatia vizuri. Ila kinalainika kwa joto la mwili, na joto hilohilo kinalishika, kwa hiyo dakika ya kumi na tano nilikuwa nimetulia na nimelowa. Wapo wanaoipenda kwa dhati. Mimi natokwa jasho hata nikicheza gemu ya karata.

Cha tatu nilikidharau mkononi. Kilikuwa kizito, kinajibu. Nikakikalia, nikatoa simu, na nilipokumbuka kuwa niko kwenye mtihani dakika ishirini zilikuwa zimepita. Nikapenyeza kiganja mwenyewe bila kuambiwa: nafasi ipo.

"Watu wanachanganya uzito na ugumu," fundi alisema, sasa amekaa. "Uzito ni umri, ugumu ni tabia." Sponji ya kilo 50 kwa meta moja ya ujazo inaweza kuwa laini, na ya kilo 20 ikawa ngumu, tofauti kubwa ni kwamba ile nyepesi itachoka mapema na kubaki na shimo. Ugumu hupimwa kivyake, kwa nguvu inayotakiwa kuibonyeza mpaka ishuke robo ya unene wake. Maelezo ya dukani niliyokuwa nayasoma yalisifu uzito, mimi nikaelewa ugumu, nikakimbia sponji ambazo huenda zingenifaa.

Alichofanya mwisho ni kuweka ile ya tatu chini, na juu yake tabaka la sentimita tatu la ile ya wingu. Katikati pakainuka, mapaja yakapita juu ya bomba badala ya kuliegemea. Ngozi bandia hakuirudisha. Alishona kitambaa kinachovutika, akakipigia pini bila kukikaza.

Kukifunga nyumbani kulikuwa na kero yake. Kikalio kilikuwa kimepanda, kwa hiyo visigino vikaning'inia, nikalazimika kukishusha kiti. Nikishakishusha, meza ikawa sawa lakini mikono ya kiti imekuwa chini kwangu, ikabidi niipandishe hadi mwisho wake. Na uzuri wa picha ulikwisha: kitambaa ni cha kijivu, mgongo bado una mistari myekundu. Mdogo wangu alisema kimevaa kaptura ya mtu mwingine.

Usiku huo nilicheza saa mbili na nusu. Mlango ukagongwa tena. Nikashika ukingo wa meza kwanza, kwa mazoea tu, nikasimama nikiusubiri mguu uniangushe. Ulikuwa hai. Nikaenda kufungua kwa miguu yangu miwili, na niliporudi nikakuta nimefungwa matatu bila.