Njia moja ya karibu, na kuirudia mpaka watoto waijue

Kila likizo inapokaribia, wazazi wenzangu huniuliza swali lilelile: safari hii mnawapeleka watoto kutembea wapi? Nami jibu langu ni lilelile. Tunakwenda palepale, kwenye njia ya kilimani ambayo tunaifikia kabla mtoto hajaanza kulalamika kwamba amechoka kukaa. Tumeipita kiangazi na masika, asubuhi zenye ukungu na jioni zenye upepo, na hadi leo nikiitaja tu wanangu watatu wanakimbilia viatu.

Familia yenye watoto wadogo haihitaji orodha ndefu ya njia. Inahitaji moja, fupi, iliyo karibu, na inahitaji kuirudia. Naona watu wengi wanafanya kinyume: wiki hii huku, wiki ijayo kule, kila mara mbali zaidi, na nusu ya siku inaishia garini. Mtoto anashuka akiwa ameshachoka, halafu anaambiwa atembee.

Kuna sababu nyingine, nayo kwangu ndiyo kubwa. Mtoto akipita njia kwa mara ya kwanza hajui mwisho uko wapi. Kila kona kwake ni kona tu, na baada yake kuna nyingine. Akishaipita mara kadhaa, anajua amebakiza nini. Wanangu wamezipa sehemu za njia yetu majina yao wenyewe. Kuna Jiwe la Kiti. Kuna Daraja la Kuruka, ambalo si daraja, ni mawe mawili katikati ya kijito. Kuna Mti wa Bibi, mahali mama yangu anapokaa na fimbo yake kupumzisha magoti huku sisi tukimalizia mpando wa mwisho. Siku hizi simsikii mtu akiuliza kama tunakaribia kufika. Ninachosikia ni: "Mama, tukifika Jiwe la Kiti tunakunywa maji?"

Majina hayo yananisaidia hata mimi. Mtoto wa miaka tisa anataka kutangulia, na ni haki yake. Kumwambia "usiende mbali" hakumsaidii, kwa sababu mbali yake si mbali yangu. Namwambia, "Tangulia, utusubiri Daraja la Kuruka." Anajua ni wapi, nami najua ni wapi. Hajawahi kupita hapo bila sisi.

Kama bado hamna njia yenu, nitawaambia ninachoangalia mimi. Urefu wa kilomita 3 au 4 kwenda na kurudi unatosha kabisa kwa watoto wa shule ya msingi wa madarasa ya chini. Mwinuko wa mita 150 hivi unampa mtoto hisia kwamba amepanda kitu bila kumvunja moyo. Kwenye ramani yenye mistari ya mwinuko, tazama pale mistari inapobanana: hapo pana mteremko mkali, na kama njia inakata hapo hapo, tafuta nyingine. Nataka kivuli, angalau sehemu ya njia. Nataka kitu cha kukutana nacho mapema, maji au jabali la kukwea au mti wenye tundu, kwa sababu mtoto akipata kitu kizuri mwanzoni anaiamini njia iliyobaki. Sitaki ukingo wa genge pembeni ya njia, hata kama mandhari yake inasifiwa namna gani. Kabla ya kuwapeleka watoto, mtu mzima mmoja aipite kwanza peke yake.

Wengi hupenda njia ya mzunguko, inayokurudisha ulipoanzia bila kupita palepale mara mbili. Mimi kwa watoto napendelea ya kwenda na kurudi. Kwenye mzunguko, ukishavuka nusu huna budi kuumaliza, hata mtoto awe analia na mvua inanyesha. Kwenye njia ya kwenda na kurudi unageuka popote, na kila hatua baada ya hapo inaelekea nyumbani.

Muda nao unataka hesabu. Mwaka 1892 mpanda milima wa Scotland, William Naismith, alitoa kanuni ambayo watu wanaitumia mpaka leo: saa moja kwa kila maili 3, halafu ongeza saa moja kwa kila futi 2,000 za kupanda. Kwa vipimo vya mita ni takriban kilomita 5 kwa saa, na saa moja ya ziada kwa kila mita 600 za mwinuko. Chukua njia ya kilomita 4 yenye mpando wa mita 150: dakika 48 za kutembea, dakika 15 za kupanda, jumla saa moja na dakika tatu. Hiyo ni hesabu ya mtu mzima mwenye nguvu, asiyesimama njiani. Mimi naizidisha mara mbili. Kitinda mimba akitaka kutembea mwenyewe, naizidisha mara tatu.

Halafu tunapanga saa ya kugeuka, tukiwa bado nyumbani, na watoto wanaisikia. Tukianza saa mbili asubuhi, ikigonga tatu na nusu tunageuka, tuwe tumefika juu au hatujafika. Kilele hakina neno katika hilo. Tangu tulipoanza utaratibu huu hakuna tena mabishano pale mtu anapotaka "kidogo tu zaidi", kwa sababu anayeamua ni saa, na mkubwa wetu ndiye anayeivaa mkononi na kuitangaza. Anaitangaza kwa uaminifu hata siku ambazo yeye mwenyewe alitamani kuendelea.

Muda huo wa ziada si wa kupoteza. Matembezi yenyewe ndiyo humo yalimo. Siku moja baada ya mvua tulikuta jongoo akivuka njia, mweusi, mnene kama kidole gumba, miguu ikipita chini yake kwa mawimbi kutoka nyuma kwenda mbele. Wa kati akachuchumaa. "Mama, ana miguu mingapi?" Nikamwambia asihesabu miguu, ahesabu pingili, kwa sababu jongoo ana jozi mbili za miguu karibu katika kila pingili. Tandu ana jozi moja tu kwa kila pingili, na huyo haguswi, maana anauma. Akaanza kuhesabu kwa ncha ya kijiti bila kumgusa, akapotea, akaanza upya. Nikawasimulia habari ya jongoo mmoja wa Australia ambaye wanasayansi walimtangaza mwaka 2021: alipatikana mita 60 chini ya ardhi, akiwa na miguu 1,306, hakuna mnyama mwingine anayejulikana kuwa na mingi kiasi hicho. Hapo mkubwa naye akachuchumaa. Mimi nilikuwa nikitazama saa. Mama yangu akanishika mkono: "Waache wamalize, mwanangu. Kwani tunamuwahi nani?"

Kilele hatukukiona siku hiyo. Jongoo huyo wanamzungumzia mpaka leo.

Sasa mizigo. Watoto wangu wakubwa wawili wanabeba mabegi yao wenyewe, na napenda wabebe, kwa sababu anayebeba maji yake hukumbuka kuyanywa. Lakini uzito una mpaka: sehemu moja ya kumi ya uzito wa mwili inatosha. Mtoto wa kilo 20 abebe kilo 2, na lita moja ya maji peke yake ni kilo moja. Kwa hiyo chupa, koti jepesi la mvua, kitu kidogo cha kula, filimbi, basi. Vingine vyote viko kwa watu wazima. Kofia wanavaa hata siku ya mawingu, maana mionzi ya jua inayounguza ngozi hupenya wingu jepesi.

Mwenye mtoto mchanga anaweza kutembea pia, ila kibebeo cha mgongoni chenye fremu kinamfaa mtoto anayeshika shingo vizuri na kukaa wima, mara nyingi kuanzia miezi sita hivi. Na hapa naomba mnisikilize vizuri. Aliyebeba anapanda, anatoka jasho, anahisi joto. Aliyebebwa amekaa tu. Upepo ukivuma, mtoto anaganda wakati baba yake anafungua vifungo vya shati. Na jua likiwaka, miguu inayoning'inia nje ndiyo inayoungua. Tunasimama mara kwa mara kumshika vidole na shingo kwa nyuma. Pia tunamtoa anyooshe viungo, hata kama amelala vizuri na sote tunatamani aendelee kulala.

Viatu si lazima viwe vya bei. Raba zenye soli isiyoteleza, zilizokwisha kuvaliwa nyumbani, zinatosha kwa njia kama yetu. Kinachotesa watoto ni malengelenge na vidole. Malengelenge huanza na sehemu inayowasha na kupata joto kidogo. Mtoto akisema "hapa panaunguza", simama saa hiyohiyo, vua kiatu, kausha, bandika plasta. Ukisubiri kufika juu umechelewa. Kucha zikatwe jana yake. Na kabla ya kuanza kushuka, kaza upya kamba za viatu, hasa sehemu ya juu karibu na kifundo, ili mguu usisonge mbele na vidole visigonge ncha ya kiatu. Kushuka ndiko kunakoangusha watoto: miguu imechoka, mteremko unawavuta, nao wanaona raha kukimbia. Tukishuka, mtu mzima mmoja anatangulia na hapitwi.

Kupotea ni jambo ninalolichukulia kwa uzito mkubwa. Mwaka 1981, kwenye mlima Palomar huko California, Marekani, mtoto wa miaka tisa alipotea na kukutwa amefariki. Waliokuwa katika msako huo waliumia, wakaanzisha mafunzo ya watoto yenye somo jepesi kushika: ukiona umepotea, chagua mti, ukumbatie, ukae nao. Anayetulia mahali pamoja hupatikana haraka kuliko anayetangatanga, na mti unampa mtoto kitu cha kushikilia wakati ana hofu. Wanangu wanalijua somo hili, na tumelifanyia mazoezi njiani: mmoja anakaa na mti wake, anapiga filimbi mara tatu, anapumzika, anapiga tena mara tatu. Nimewaambia pia kwamba wakisikia watu wasiowajua wanawaita kwa majina yao, waitikie. Hao wanawatafuta, na hakuna atakayewagombeza.

Kutoka mafunzo hayohayo tumechukua desturi ya kuangalia nyayo. Pale tunapoanzia kutembea, kila mtoto anasimama nipige picha ya nguo alizovaa, kisha anageuza mguu nipige picha ya soli. Mtu anayefuata nyayo kwenye udongo akiijua soli anayoitafuta, ameokoa muda mwingi. Haichukui hata dakika moja. Watoto wanaipenda kazi hiyo, na sasa wakiona nyayo zao za wiki iliyopita kwenye tope lililokauka wanazitambua.

Ngurumo zikisikika, tunageuka bila kungoja saa. Hesabu sekunde kati ya mwanga na mlio. Kila sekunde 3 ni kama kilomita moja. Lakini hesabu hiyo ni ya kukuambia radi inasogea au inaondoka tu. Ukiisikia, ujue inaweza kukufikia. Ondokeni kwenye kilele na uwanda wazi, msijikinge chini ya mti uliosimama peke yake, na mkishapata jengo au gari, subirini dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Kuhusu haja, kwa sababu mtoto atabanwa, na atabanwa mbali na choo: begi letu lina koleo dogo. Tunatoka njiani, tunakaa mita 60 hivi mbali na maji, tunachimba shimo la sentimita 15 hadi 20, tunafukia. Karatasi tunarudi nazo kwenye mfuko. Maganda ya matunda nayo tunarudi nayo. Kijito kile ndicho tunachokivuka wiki nyingine, kwa hiyo sijawahi kuhitaji kuwaeleza watoto sababu kwa maneno mengi.

Tukirudi, kila mtu anakaguliwa kupe: nyuma ya masikio, kwapani, nyuma ya magoti, kwenye mstari wa nguo kiunoni. Viatu vilivyolowa vinatolewa soli za ndani na kujazwa magazeti, vinakauka kivulini, kwa maana jua kali hukakamaza ngozi na kubandua gundi.

Zaidi kidogo ya Mti wa Bibi njia inagawanyika. Sisi hushika kushoto. Mkubwa ameanza kuuliza habari za tawi la kulia, ambalo kwenye ramani linaongeza kilomita moja na nusu na kuishia kwenye bwawa dogo. Tumekubaliana kwamba likizo ijayo nitalipita peke yangu kwanza. Nikiliona linafaa, tutaondoka nyumbani mapema zaidi, na yeye ndiye atakayepanga saa ya kugeuka. Ameshaanza kupiga hesabu.