Tasuki begani, saa mkononi: kukimbia kipande cha ekiden

Ekiden, mbio ndefu za barabarani za kupokezana za Japani ambamo kila mkimbiaji hukimbia kipande chake cha njia, haina kijiti. Ina tasuki: kitambaa chenye upana wa sentimita 6 na mzunguko wa mita 1.6 hadi 1.8, kinachopita begani na kushukia chini ya kwapa la upande wa pili. Wakimbiaji wa Kenya waliozoea mbio za mtu mmoja mmoja huidharau siku ya kwanza. Wasiidharau.

Unaipokea mkono kwa mkono, kuanzia kwenye mstari wa kupokezana hadi mita 20 mbele yake. Anayekuja anaruhusiwa kuivua akibakiza takriban mita 400, na anayeondoka awe ameivaa ndani ya mita 200 hivi. Kwa anayekuja, kazi ni kuishika pande mbili na kuinyoosha mbele ya kifua, ili mwenzake aidake katikati. Akiikabidhi ikiwa imefinyangwa, anayepokea ataanza kutafuta pa kupitisha kichwa huku miguu inakimbia. Ukishaivaa, ivute ikaze, ncha inayobaki uichomeke ndani ya bukta kiunoni. Ikilegea itateleza begani na kukupiga mkono kilomita nzima, na ikishalowa jasho, kuikaza tena ukiwa kwenye kasi ni shida.

Lakini kinachoharibu vipande vingi ni pupa. Chukua kipande cha pili cha Hakone Ekiden, mashindano ya vyuo vikuu vya ukanda wa Kanto yaliyoanza 1920 na yanayokimbiwa tarehe 2 na 3 Januari kutoka Tokyo hadi Ziwa Ashi na kurudi, vipande kumi, kilomita zaidi ya 217. Kipande hicho kinatoka Tsurumi hadi Totsuka, kilomita 23.1. Ndicho alichokimbia Joseph Otwori mwaka 1989, Mkenya aliyefungua njia pale, na ndicho Mkenya mwingine, Richard Etiri, alichokimaliza kwa saa 1, dakika 5 na sekunde 31 mwaka 2025.

Gawanya muda huo: ni wastani wa dakika 2 na sekunde 50 kwa kila kilomita. Sasa tuseme umepokea tasuki ukiwa nyuma kwa sekunde 60. Ukizigawa kwa kilomita 23 unadaiwa takriban sekunde 2.6 tu kwa kila moja. Anayetaka kulipa deni lote ndani ya kilomita 3 za mwanzo atafika kwenye kilima cha Gondozaka, karibu na kilomita ya 15, mapaja yakiwa yamekwisha, na bado kilomita 3 za mwisho kuelekea Totsuka zina miinuko. Hapo mtu hapotezi sekunde, hupoteza dakika. Shika mwendo wako wa kilomita 20, ukipita mtu mpite moja kwa moja asikushike mgongo, na ukifika Gondozaka uwe umebakiza nguvu.

Kipande cha tano, kupanda kutoka Odawara hadi mita 874 juu ya usawa wa bahari, ni kazi ya mtu mwingine kabisa. Cha sita hushuka njia hiyohiyo, na mteremko huchana mapaja kuliko mlima.

Ugumu mwingine ni kusubiri. Hujui dakika kamili ya kuanza, na Januari ni baridi. Anza kupasha mwili dakika 40 hadi 50 kabla ya muda uliokadiriwa, kisha baki na koti na suruali ndefu hadi mwenzako aitwe. Mtu wa timu yako akuambie kila mara pengo lilivyo. Ukivua mapema na mwenzako akachelewa dakika 4, misuli iliyopoa haitaitika kilomita ya kwanza.

Na kuchelewa kuna adhabu nzito. Siku ya kwenda, pale Tsurumi na Totsuka, timu ikiachwa dakika 10 na inayoongoza, anayesubiri huanzishwa na waandaaji, amevaa tasuki ya mistari ya njano na nyeupe badala ya ya chuo chake. Nimewaona watazamaji wakilia kwa ajili ya kitambaa hicho, mkimbiaji aliyechelewa akifika na tasuki ya chuo mkononi na pa kuikabidhi hapana. Kwa hiyo ukizidiwa katikati ya njia, hesabu sekunde kwa kilomita, punguza kidogo na ufike. Ukishamkabidhi mwenzako, toka kando mara moja. Nyuma yako kuna mwingine anayenyoosha tasuki yake.