Kuhani na Nyumba Yenye Pigo

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Somo la wiki hii ni Walawi 14:33–53. Najua wengi wetu tukifika Walawi huwa tunaruka hadi Hesabu, na Hesabu nayo tunairuka hadi Kumbukumbu. Wiki hii naomba tusiruke.

Juzi Jumatatu nilikuwa kwa mama mmoja wa jumuiya yetu, mjane, ambaye wengi mmeshasikia yaliyompata. Homa ya nguruwe imeingia bandani kwake. Kati ya nguruwe tisa, wanne walikuwa wameshakufa, wawili wamelala masikio yameiva rangi ya zambarau, na watatu wamesimama kwenye kihori wanakula kama kawaida. Afisa mifugo alikuwa ameshafika na kusema yote: waliobaki wauawe, wachomwe, wafukiwe kwenye shimo refu, banda lipigwe dawa na likae tupu. Alisema kwa upole, sina neno juu yake. Alipoondoka, mama akanigeukia: "Mwinjilisti, hawa watatu wamekosa nini?"

Nikamjibu, "Mama, Mungu anajua." Jibu hilo sisi watumishi tunalitoa upesi mno. Usiku nikashindwa kulala, nikafungua Walawi.

Mwenye nyumba anaona madoa ukutani, ya kijani au mekundu, yameingia ndani. Hakimbilii kuiuza nyumba kabla habari hazijaenea (mnanielewa). Anakwenda kwa kuhani kumwambia kwamba kuna kitu kama pigo nyumbani kwake. Kuhani, kabla hajaingia, anaagiza vyombo vyote vitolewe nje, kwa sababu akishaitangaza nyumba kuwa najisi, kila kilichomo kinakuwa najisi pamoja nayo. Ni mstari wa 36. Nimeusoma mara ngapi bila kuuona! Sheria tunayoiita kali inampa mtu nafasi ya kutoa chungu chake na mkeka wake kwanza. Kisha kuhani anaingia mwenyewe kutazama. Anaifunga nyumba siku saba. Anarudi. Akikuta pigo limeenea, bado hasemi bomoeni. Anaamuru yang'olewe mawe yenye pigo peke yake, kuta zikwanguliwe, yaletwe mawe mengine, nyumba ipakwe udongo mpya. Pigo likitokea tena baada ya hayo yote, anakuja tena kutazama, na hapo ndipo nyumba inabomolewa, mawe yake, miti yake na udongo wake, vikatupwe nje ya mji.

Hesabuni safari za kuhani. Hakuna hukumu anayoitoa akiwa amekaa hekaluni.

Sasa niwapeleke Uingereza, mwaka 2001, maana ndipo swali la mama yule lilipoulizwa kwa ukubwa ambao sisi hatujauona. Tarehe 20 Februari mwaka ule ilithibitishwa kwamba ugonjwa wa miguu na midomo umeonekana kwa nguruwe waliofikishwa kwenye machinjio moja huko Essex. Chanzo kilifuatiliwa hadi shamba moja la nguruwe kaskazini, Northumberland, walikolishwa makombo ya chakula ambayo hayakuchemshwa ipasavyo. Kufikia hapo kondoo walikuwa wameshapita minadani na kusambazwa nchi nzima. Kisa cha mwisho kilipatikana tarehe 30 Septemba. Mashamba yaliyothibitishwa kuwa na ugonjwa yalikuwa 2,026. Wanyama waliouawa walizidi milioni 6.

Linganisheni namba hizo mbili. Wengi wa wanyama wale hawakuwa wagonjwa. Wengine waliuawa kwa sababu amri ya kutohamisha mifugo iliwakwamisha kwenye matope bila malisho. Wengine waliuawa kwa sababu ya mpaka. Mwishoni mwa Machi iliwekwa kanuni: shamba lenye ugonjwa, mifugo yote iuawe ndani ya saa 24, mashamba yanayopakana nalo, ndani ya saa 48. Kupakana kulitosha. Mizoga ilipangwa juu ya mataruma ya reli na makaa ya mawe, ikachomwa hadharani, miguu ikielekea juu, na moshi ukakaa juu ya vijiji siku nyingi. Ilipokuwa mingi mno kuchomwa yote, yalichimbwa mahandaki. Kwenye uwanja wa zamani wa ndege wa Great Orton, mkoani Cumbria, mizoga iliyozikwa inakaribia nusu milioni.

Nataka nitende haki. Wataalamu walioshauri kanuni ile hawakuwa watu wakatili. Mnyama mwenye ugonjwa huu anaweza kuanza kuambukiza kabla malengelenge hayajaonekana, kwa hiyo ukingoja kuona umeshachelewa. Hesabu zao za kompyuta ziliwaonyesha ugonjwa unaosambaa kama moto wa nyika. Kama kuua mifugo ya jirani kulihitajika kweli au moto ulikuwa umeshaanza kupungua, wenyewe wanabishana hadi leo.

Ila lipo jambo moja ambalo mimi, mtoto wa mfugaji, siwezi kulimeza. Ugonjwa wenyewe ni huu huu tunaoujua. Nilipokuwa mdogo uliingia zizini kwa baba. Ng'ombe walitokwa udenda kama kamba, wakachechemea, maziwa yakakatika. Tuliwasafisha midomo kwa maji ya chumvi na magadi, tukawakatia majani laini. Ndama wawili walikufa. Wakubwa walipona wote, ingawa mmoja hakurudia maziwa yake ya zamani. Sisemi Waingereza wangefanya kama baba. Mifugo yao ni mingi, imesongamana, na haina kinga yoyote. Lakini chanjo ilikuwepo, na haikutumika. Uholanzi mwaka ule ule walichanja, kisha wakawaua hata waliochanjwa. Sababu kubwa ilikuwa soko: nchi inayochanja ilichelewa zaidi kurudishiwa hadhi ya kutokuwa na ugonjwa, na bila hadhi hiyo nyama haiuzwi nje. Kwenye mfano wa kuhani, ni sawa na kubomoa nyumba ya jirani isiyo na doa ili mtaa upate cheti cha usafi.

Na kuna vitu havijengwi upya. Kondoo wa milima ya Cumbria, hasa wa aina ya Herdwick, hawazungushiwi uzio kule juu. Wanaujua mlima wao. Jike humfundisha mwanawe mahali pa kulisha, mahali pa kujificha upepo ukivuma, na wapi kwao kunaishia; naye atamfundisha wake. Ujuzi huo umeshuka kutoka mama hadi mwana kwa mamia ya miaka. Serikali ililipa fidia, zaidi ya pauni bilioni 1, lakini kondoo wapya ulionunua kwa fidia wanatawanyika kesho yake, kwa kuwa hakuna wa kuwaonyesha. Mmasai au Msukuma angelielewa hili bila kufafanuliwa. Sina uhakika mtu wa ofisini angelielewa.

Aprili ya mwaka ule, huko Devon, ndama mmoja mweupe alikutwa hai kando ya mama yake aliyeuawa, siku kadhaa baada ya kundi zima kuangamizwa. Alipewa jina, Phoenix. Picha yake ikatoka magazetini, nchi nzima ikasema huyu haguswi, na serikali ikalegeza kanuni kwa ng'ombe wazima wa mashamba jirani. Ndama akaishi. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka nabii Nathani mbele ya Daudi. Hakumpelekea mfalme takwimu. Alimpelekea habari ya mwana-kondoo mmoja wa kike aliyekula tonge la maskini na kulala kifuani pake, na Daudi akawaka hasira. Wanyama wale wote walikuwa wamekaa kwenye karatasi tu, mpaka mmoja alipopata jina. Sijui tulisifie hilo au tulionee aibu. Labda yote mawili.

Ningependa pia tukumbuke sotoka, ugonjwa wa ng'ombe uliowafilisi babu zetu miaka ya 1890. Huo haukumalizwa kwa mioto. Ulimalizwa hasa kwa chanjo, na chanjo iliyofanya kazi kubwa zaidi ilitengenezwa hapa jirani, Muguga nchini Kenya, na Walter Plowright na wenzake. Mlipuko wa mwisho unaojulikana duniani ulionekana kwa nyati wa Meru, Kenya, mwaka huo huo wa 2001, na mwaka 2011 ikatangazwa kwamba sotoka haipo tena duniani. Wachanjaji walitembea kwa miguu boma kwa boma kuwafuata ng'ombe, kama kuhani anavyotembea.

Turudi kwa mama. Nilimrudia jana na jibu lingine. Nilimwambia: hawajakosa kitu. Homa ya nguruwe si kama miguu na midomo. Haina tiba, wafugaji wa huku hawana chanjo yake, na nguruwe akishaipata karibu hakika atakufa, tena kwa mateso. Hao watatu wanaokula huenda wameshaubeba ugonjwa, na hata kama hawajaubeba, wanauawa kwa ajili ya nguruwe wa majirani. Hapa tumefika kwenye ule mstari wa kubomoa, kuta zimeshakwanguliwa. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Afadhali umeniambia." Fidia hakuna mtu aliyemtajia, nami sikumdanganya.

Kwa hiyo kesho Alhamisi, saa tatu asubuhi, tunakwenda kwake. Naomba tukubaliane mambo haya.

Hakuna nguruwe atakayetupwa shimoni akiwa hai. Korea Kusini, katika mlipuko wa miguu na midomo wa 2010 na 2011, nguruwe zaidi ya milioni 3 waliangamizwa na wengi walifukiwa hai, watu wakisikia sauti zao. Mithali 12:10 inamtambua mwenye haki kwa jinsi anavyoujali uhai wa mnyama wake, na haisemi isipokuwa siku ya mlipuko. Afisa mifugo ameahidi kuja na mtu anayejua kuua kwa pigo moja. Watoto wasiwepo.

Aliyenunua nyama ya bei ya kutupa kutoka upande ule wa mto wiki iliyopita, nasema bila kumtaja mtu, asilishe makombo yake bandani. Nyama hiyo haikudhuru wewe. Itamdhuru nguruwe wako na wa jirani yako. Hivyo ndivyo ilivyoanza Northumberland.

Mwenye nguruwe nyumbani asije. Atume mchango kwa mzee wa jumuiya. Walawi 14:46 na 47 inasema anayeingia kwenye nyumba iliyofungwa ni najisi hadi jioni, na aliyelala au kula humo afue nguo zake. Mimi mwenyewe Jumatatu nilitoka pale na viatu vile vile nikapitia nyumba mbili, na moja ina nguruwe wanne. Nimeshakwenda kuomba radhi. Wamenisamehe, lakini usingizi wao nimeuchukua kwa wiki kadhaa.

Wasio na nguruwe, wenye majembe na sururu waje nazo. Shimo ni refu na mama hana mtoto wa kiume nyumbani. Tutaomba pale pale bandani, kwa ajili yake na kwa ajili ya hao viumbe. Kama kuna anayeona si sawa kuombea nguruwe, asome mstari wa mwisho wa Yona kabla hajanipigia simu.

Mama ameomba jambo moja tu, awalishe kwanza. Nimemwambia tutasubiri.